Benchi mbele ya zahanati: kutoa chanjo ya homa ya mafua gerezani

Watu kama arobaini walikuwa wamechuchumaa mbele ya zahanati, watano watano, mikono magotini, macho chini. Ndivyo wanavyohesabiwa asubuhi, na ndivyo wanavyohesabiwa jioni kabla milango ya mabweni haijafungwa. Nyampara alikuwa amewapanga vizuri, mistari imenyooka, na alikuwa na haki ya kujivunia kazi yake. "Wako tayari, sista," akaniambia. "Uanze na mstari upi?"

Nilikuwa nimekuja kuwaambia kwamba chanjo hii ni hiari.

Nikaanza na mstari wa kwanza. Nikasema yaliyotakiwa kusemwa: hii ni chanjo ya homa ya mafua, inachomwa begani, anayetaka atachanjwa na asiyetaka halazimishwi. Wote watano wakakunja mikono ya mashati. Nikawachanja mmoja mmoja. Wa tano alipokuwa akishusha mkono wa shati nikamuuliza, kwa mazoea ya kazi tu, kama ana swali. Akasema, "Sista, hii ndiyo ya kifua kikuu?"

Nikamwomba mganga wa zahanati tusitishe kwanza.

Mimi ni muuguzi, naishi na kufanya kazi Moshi. Gereza ninalolizungumzia ni moja kati ya yaliyopo huku kwetu Kaskazini. Jina lake nimeliacha, na mambo madogo madogo ya watu nimeyageuza ili asitambulike mtu. Nakiandika kisa hiki kwa ajili ya wauguzi na waganga wenzangu ambao ipo siku wataombwa kupeleka chanjo ndani ya ukuta. Wengi wetu tunadhani ugumu wa kazi hiyo ni jokofu na uchache wa dozi. Hayo tuliyamudu. Kilichotushinda asubuhi ile ni mkao wa watu.

Mwaka uliotangulia, katikati ya kipupwe, ugonjwa ulipita gerezani pale kwa muda wa siku kama kumi. Mganga alinionyesha daftari la MTUHA, yaani la mfumo wa taarifa za afya, la wagonjwa wa nje. Siku za kawaida ukurasa mmoja ulimtosha na kubaki. Halafu ghafla kurasa zinajaa: homa, kikohozi kikavu, kichwa, mwili kuuma, homa, homa. Jikoni wakabaki wapishi wachache na uji wa asubuhi ukawa unachelewa. Askari wakaunganisha zamu kwa kuwa wenzao walikuwa kitandani majumbani mwao. Mzee mmoja mwenye pumu alikimbizwa hospitali usiku akiwa hawezi kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, akarudi baada ya wiki mbili akiwa amekonda.

Mganga alianza kwa kuwaza kifua kikuu, na alifanya vyema. Huku kwetu ukitaja kikohozi na gereza kwa pamoja, kila mhudumu wa afya anaikumbuka Kibong'oto, hospitali ya kule Siha iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu. Aliyekohoa wiki mbili au zaidi alichukuliwa makohozi, kama utaratibu unavyotaka. Lakini ugonjwa huu ulikuwa umelaza nusu ya bweni moja kwa siku tatu nne, na wengi wakainuka ndani ya wiki. Kifua kikuu hakikimbii hivyo. Kipimo alichofanyiwa yule mzee hospitalini kilionyesha influenza A, yaani homa ya mafua.

Nililikalia lile daftari mchana mzima. Wagonjwa walikuwa wanapanda Jumanne na Jumatano, wanapungua kidogo, kisha wanapanda tena Jumanne inayofuata. Jumapili kuna ibada, na ibada inawakusanya karibu wote kwenye ukumbi mmoja, na watu wanaimba.

Jambo hili lilishawahi kuandikwa. Mwezi Aprili 1918 mfungwa mgeni aliingia gereza la San Quentin, California, akiwa mgonjwa, ametokea jela ya Los Angeles ambako wenzake walikuwa wanaumwa. San Quentin ilikuwa na watu wapatao 1,900. Daktari wa gereza, Leo Stanley, aliona kwamba wagonjwa walimfurikia Jumanne na Jumatano, baada ya sinema ya Jumapili iliyowajaza wafungwa ukumbini. Virusi vya influenza huchukua siku 1 hadi 4 kabla mtu hajaanza kuumwa, kwa kawaida siku 2, na mgonjwa huanza kuambukiza tangu siku moja kabla ya dalili. Anayeimba Jumapili akiwa mzima ndiye anayelala Jumanne, na aliyeimba karibu naye ni Jumatano.

Sikupendekeza ibada ifutwe, na wala nisingependekeza. Kwa mfungwa asiye na ndugu wa kumtembelea, kwaya ya Jumapili ni mkono wa watu wa nje unaomfikia. Tena hata ukiifuta, usiku ule ule watalala bega kwa bega. Kilichonikaa moyoni kutoka kwenye daftari ni majina mawili ya mwanzo kabisa, kabla ya bweni lolote kuugua. Mmoja alikuwa mfungwa anayefanya kazi jikoni. Wa pili hakuwa mfungwa. Alikuwa askari wa lango.

Kabla ya dozi hata moja kufika, neno lenyewe lilitupa kazi. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku, mafua ni mafua. Pua inatiririka, unapiga chafya, unakunywa maji ya ndimu na tangawizi, unajifukiza ukipenda, kesho upo kazini. Ukimwambia mtu umemletea chanjo ya mafua, anakuona umekosa kazi ya kufanya. Sajini mmoja aliniambia waziwazi, "Sista, mafua yachanjwe kwa lipi? Tuleteeni dawa za minyoo." Hakuwa na kosa. Influenza ni ugonjwa mwingine uliolikopa jina la mdogo wake. Unaanza kwa kishindo, mtu anaweza kukwambia na saa ulipomwanza. Homa inapanda, viungo vinauma kama amepigwa, hata kujigeuza kitandani ni kazi. Wengi hupona wenyewe. Ila Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka ugonjwa huu unawaumiza vibaya watu milioni 3 hadi 5, na wanaokufa kwa matatizo ya kupumua yanayotokana nao ni kati ya 290,000 na 650,000. Wanaoumizwa zaidi ni wazee, watoto wachanga, wajawazito, wenye pumu, kisukari au ugonjwa wa moyo, na wale ambao kinga ya mwili imepungua.

Basi tukaacha kusema "chanjo ya mafua". Tukasema chanjo ya ile homa ya mwaka jana, iliyolaza bweni. Hapo kila mtu akaelewa, maana kila mtu alikuwa na mtu wa kumkumbuka.

Kwetu Tanzania chanjo hii haimo kwenye ratiba ya kawaida ya taifa. Anayeitaka anainunua kwenye kliniki binafsi, na wengi wanaoinunua ni wasafiri. Dozi zetu zilitokana na michango ya wahudumu wachache wa afya na marafiki zao, zikafika 180, kila moja ikiwa imeshajazwa ndani ya bomba lake. Shirika la Afya Duniani hutangaza mara mbili kwa mwaka aina za virusi za kuwekwa kwenye chanjo, mwezi Februari kwa ajili ya kaskazini mwa dunia na Septemba kwa ajili ya kusini. Sisi tuko chini kidogo ya ikweta, na baridi yetu ya Moshi na Arusha ni ya Juni hadi Agosti. Tuliona ya kusini ndiyo itufae, tena ichomwe mwezi Mei, kwa sababu kinga huchukua takriban wiki 2 kujengeka. Katika miaka ambayo chanjo imeoana vizuri na virusi vilivyopo, hupunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 40 hadi 60. Ni kinga ya kiasi, na tuliisema hivyo hivyo kwa kila aliyeuliza. Mtu aliyeahidiwa kinga kamili akaja kuugua hatakuamini tena hata ukimletea dawa ya kidonda.

Kuhusu baridi nitasema jambo moja tu, kwa kuwa nimeona watu wakiliharibu. Chanjo hii inatunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Joto linaidhuru, lakini barafu inaiua kabisa, na ikishaganda haifai hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Vifuko vya barafu vinaachwa kwanza nje ya friza mpaka ukivitikisa usikie maji yanacheza ndani, ndipo viingie kwenye kisanduku cha kubebea chanjo. Asubuhi ya baridi kama zile, mtu anashawishika kuviweka vikiwa vigumu kama jiwe na kuondoka. Asifanye hivyo.

Mgawo ndio uliotugombanisha. Mkuu wa gereza alitaka askari wachanjwe kwanza, wote, na wafungwa wapate zitakazobaki. Mimi niliingia ofisini kwake nikiwa na jibu tayari: wazee na wagonjwa kwanza, maana hao ndio watakaokufa. Tulizungumza kwa saa nzima, kwa heshima, na ninakiri nilitoka na mawazo tofauti na yale niliyoingia nayo. Alinionyesha kitu nilichokuwa nimekiona kwenye daftari bila kukifuata hadi mwisho. Mfungwa wa miaka mingi hatoki. Ugonjwa unaletwa na anayeingia. Askari anapanda daladala, anapita sokoni, mtoto wake anasoma darasa lenye watoto sabini, na jioni anawafungia watu milango. Mahabusu naye anapanda karandinga kwenda mahakamani kila siku 14 kesi yake ikitajwa, wamebanana ndani, anakaa mahabusu ya mahakama pamoja na watu wa kutoka vituo vingine vya polisi, kisha anarudi bwenini. Ukimchanja mzee wa pumu peke yake, umemfunika blanketi na mlango umeuacha wazi.

Tukakubaliana dozi zigawanywe. Sehemu iwekwe kando kwa walio hatarini, isiguswe na mtu. Zinazobaki ziende kwa watu wa mlangoni: askari wa zamu, wapishi, mahabusu wanaosafirishwa, na wanyampara wanaozunguka bweni hadi bweni. Bado naamini mgawo ule ulikuwa sahihi.

Sehemu ya walio hatarini ilikuwa na mtego ndani yake, na mganga ndiye aliyeuona. Ukisimama uwanjani ukaita majina ya watu wenye ugonjwa, umewatangaza. Bwenini watu wanajuana. Akiitwa kijana wa miaka 26, mwenye afya kwa macho, pamoja na wazee wa kisukari, jioni ile ile kila mtu atajua anakunywa dawa gani asubuhi. Mganga alitengeneza majina kwa namna ambayo kila kundi liliwachanganya: wenye umri zaidi ya miaka 50, wapishi, wenye tarehe za mahakamani wiki ile, na ndani yao wale wa kliniki ya magonjwa ya kudumu. Anayetazama foleni hakuweza kuisoma. Ilimchukua usiku mbili kuandaa, na nadhani ni kazi nzuri kuliko zote zilizofanyika katika kisa hiki.

Nirudi sasa pale uwanjani. Baada ya swali la yule wa tano, nilimweleza mganga na naibu mkuu wa gereza kwamba siwezi kuendelea. Naibu alishangaa kweli. "Lakini hakuna aliyekataa, sista."

Hilo ndilo lililonitia hofu. Watu watano, na ugonjwa wenyewe hawaujui jina, na hakuna aliyekataa wala aliyeuliza mpaka alipoulizwa. Ndani ya gereza kila kitu ni amri: kuamka, kula, kuhesabiwa, kulala. Neno "hiari" likitamkwa kwa watu waliochuchumaa, mbele ya nyampara na askari wawili wenye rungu, linasikika kama amri nyingine iliyosemwa kwa upole. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zilizopewa jina la Nelson Mandela mwaka 2015, zinasema mfungwa apate huduma za afya za kiwango kile kile cha walio nje, na zinataka uhuru wake kuhusu mwili wake uheshimiwe, aridhie baada ya kuelezwa. Mimi nilikuwa nimetimiza nusu ya kwanza nikaivunja ya pili, dakika kumi tu baada ya kufika.

Tukaazima benchi mbili za kanisani. Moja ikawekwa nje ya zahanati kivulini, nyingine upande wa nyuma. Wakaitwa watu sita sita, wakae kama watu wanavyokaa hospitali yoyote. Askari akasogea hadi pale anapoona bila kusikia. Kila mtu aliingia peke yake, na kila mtu, bila kujali uamuzi wake, alipimwa shinikizo la damu kwanza, kisha tukazungumza. Akikubali anachanjwa, akikataa tunamshukuru. Wote walitokea mlango wa nyuma na wote walikaa benchi la pili dakika 15. Kwa aliyechanjwa, dakika hizo ni za kuangalia asije akapata mzio mkali. Trei ya adrenalini ilikuwa mezani. Kwa asiyechanjwa, dakika hizo zilimficha.

Katika watu 20 wa mwanzo walioingia kwa mtindo huo, 7 walikataa au walisema wanataka kufikiri kwanza. Nilifurahi kwa kila mmoja. Ilikuwa ni mara ya kwanza siku ile kujua kwamba wale 13 wamekubali.

Mmoja wa waliokataa alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu. Nilimsalimia shikamoo kama ningemsalimia mzee yeyote wa Moshi. Alichelewa kuitikia, akanitazama, kisha akasema marahaba kwa sauti ndogo. Halafu akauliza swali bora kuliko yote niliyoulizwa: "Mwanangu, hii chanjo raia wa nje hawapewi hospitalini bure. Mbona sisi ndio tunapewa?"

Hakuwa na shaka ya kijinga. Miaka ya 1940, katika gereza la Stateville, Illinois, wafungwa waliambukizwa malaria kwa makusudi ili dawa zijaribiwe juu yao, na wakati ule ilionekana ni jambo la kizalendo. Mfungwa anayeuliza kwa nini yeye kwanza anauliza kwa niaba ya watu wengi. Nilimjibu kwa ukweli. Chanjo za influenza zinatumika tangu miaka hiyo hiyo ya 1940, haijaribiwi kwake. Nje watu wanainunua. Hapa imeletwa kwa michango, kwa sababu ya wanavyolala na kwa sababu ya mwaka jana. Nikamwonyesha bomba la chanjo ya aina ile ile ambayo mimi nilichomwa wiki mbili kabla. Alisema atafikiri. Nikamwambia afikiri.

Wengine waliuliza kama itawaletea homa yenyewe. Chanjo tuliyotumia ina virusi vilivyouawa, haiwezi kumpa mtu influenza; mkono unaweza kuuma siku moja mbili, na wengine hupata kijihoma. Wawili waliuliza kuhusu dawa zao za kila siku, kwa sauti ya chini sana. Kwa wanaoishi na VVU chanjo ya aina hii ni salama, tena wao ndio wanaoihitaji zaidi. Upande wa wanawake kulikuwa na mama mwenye kichanga cha miezi mitatu. Mtoto chini ya miezi 6 hachanjwi. Ukitaka kumkinga unamkinga anayembeba. Mama alikubali akiwa ananyonyesha pale pale kwenye benchi, na kunyonyesha hakuzuii kitu.

Kijana mmoja mahabusu alikaa, akapimwa presha, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akainama. "Nikikataa, nitaandikwa?"

Nikatazama karatasi iliyokuwa mezani. Ilikuwa imeandaliwa ofisini na mtu mwenye nia njema. Jina, namba, bweni, amekubali, amekataa, sababu ya kukataa. Mwisho wa siku ilitakiwa ipelekwe kwa uongozi. Kijana alikuwa ameiona kichwa chini miguu juu na kuielewa kuliko mimi niliyekuwa naijaza. Gerezani kuandikwa ni jambo zito. Tabia yako imeandikwa, msamaha wako wa siku umeandikwa, kazi unayopangiwa inategemea kilichoandikwa. Safu ya "amekataa" ilikuwa adhabu hata kama hakuna aliyekusudia adhabu.

Naibu mkuu alikuwa na hoja yake na sikuidharau. Ataulizwa na wakubwa wake: watu wangapi, dozi ngapi, zimekwenda wapi. Tukamalizana hivi: aliyechanjwa anaandikwa kwenye rekodi yake ya zahanati, kama ugonjwa wowote, na inakaa zahanati. Uongozi unapata hesabu, haupati majina. Aliyekataa haandikwi popote. Nikakata safu ile kwa mkasi mbele ya kijana. Bado alikataa. Nikamshukuru, akakaa dakika zake 15.

Kulikuwa na pendekezo kwamba anayechanjwa apewe kipande cha sabuni. Lilitoka kwa mtu mwema na nililipinga kwa nguvu zangu zote. Nje, sabuni ni sabuni. Ndani, kwa mtu asiyeletewa kitu na ndugu, kipande kile kinaweza kumfanya akubali lolote. Sabuni ikagawiwa kwa kila mtu wa bweni siku mbili baadaye, na kunawa mikono nako kunasaidia.

Mganga wa pale ana mzigo ambao mimi sina. Amevaa sare. Ana cheo, anapiga saluti, na wagonjwa wake wanamwita afande. Huduma za afya magerezani kwetu ziko ndani ya Jeshi la Magereza lenyewe. Nchi nyingine zimezihamishia kwenye mfumo wa afya wa raia: Norway mwaka 1988, Ufaransa 1994, England ikakamilisha 2006. Naunga mkono kuhamisha, lakini sikubali kwamba mpaka siku hiyo hakuna kinachowezekana. Mganga yule alivua koti la sare, akavaa lile jeupe, akakaa kwenye kiti kilicholingana urefu na cha mgonjwa. Nilipomuuliza alisema hufanya hivyo kila siku.

Kwa upande wa askari, waliokataa walikuwa wengi kuliko wafungwa ukilinganisha na idadi yao. Wengine walicheka tu wakaondoka. Mwanzoni nilihuzunika, kisha nikaelewa kwamba ni kwa sababu wao wangeweza. Kilichowageuza baadhi yao hakikuwa maelezo yangu. Ni yule sajini wa dawa za minyoo. Mchana alikuja mwenyewe, akakaa kwenye benchi la nje katikati ya wafungwa wawili akisubiri zamu yake, na mkewe ndiye aliyemtuma: wana mtoto mwenye selimundu nyumbani.

Langoni jioni, askari alihesabu mabomba yaliyotumika mbele yangu, moja moja, kabla kisanduku cha usalama hakijafungwa. Yaliyoingia na yanayotoka lazima yalingane, kwa kuwa sindano ikipotea gerezani ni hatari ya aina mbili, ya damu na ya silaha. Ilichukua dakika arobaini. Panga muda huo tangu mwanzo, usije ukaharakishwa na giza.

Kwa siku mbili tulichanja 165: wafungwa na mahabusu 98, askari na watumishi 67. Dozi 15 zilirudi Moshi jioni ile ile, kwa kuwa jokofu la zahanati lilikuwa na kipimajoto kilichokwama. Wiki iliyofuata nilirudi nazo. Wale watano wa mstari wa kwanza niliwatafuta wote, nikakaa na kila mmoja, nikamweleza nilichomchoma na kumwomba radhi. Wanne walisema hata wangeelezwa vizuri wangekubali. Wa tano, yule wa swali la kifua kikuu, alinyamaza kidogo, akasema, "Ningekataa." Sikuwa na la kumjibu zaidi ya kumwambia alikuwa na haki hiyo na mimi nilimnyang'anya. Mahabusu wawili waliochanjwa walikuwa wameshapata dhamana, wameondoka na kinga yao uraiani. Mzee wa swali alikuwa benchini, wa kwanza. Akakunja mkono wa shati mwenyewe.

Kwa Mei ijayo, dozi za kusini huanza kupatikana Machi au Aprili, kwa hiyo maombi yawe mezani Januari. Karatasi mpya haina safu ile. Benchi za kanisani zilirudishwa Jumamosi ili zitumike kesho yake, na msimamizi wa karakana ya useremala amesema mbao zipo; anataka vipimo tu. Nimempelekea: watu sita, na liwe na egemeo.